Damu ya mtu haina bei



Mjane mmoja wa parokia yetu alituletea karatasi tumsomee. Bwana yake alikuwa mpakiaji wa mizigo katika kamio. Siku moja kamio ilianguka mlimani kwa sababu ya breki mbovu, na shofere alikuwa amemwambia mwenye kamio mara mbili kwamba breki hazishiki. Mwenye kamio alileta sanduku la maiti, magunia mawili ya mchele na feza ya matanga. Watu wakamsifu kuwa mtu mwema. Lakini siku ya maziko, kabla watu hawajarudi kwao, alileta pia karatasi ya Kifaransa, na mjane akatia kidole. Tulipomsomea kwa Kiswahili, akaelewa kwamba amekubali kutodai kitu tena. Akatuuliza: «Mwalimu, basi nimemuuza bwana yangu kwa magunia mawili ya mchele?»

Swali lile lilituuma. Na kwa kuwa mambo ya namna hii yanapata jamaa nyingi, leo tunataka kueleza jinsi watu wa zamani walivyolijibu, na jinsi sheria ya inchi yetu inavyolijibu sasa.

SHERIA ZA KALE

Tuanze na Musa. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, tunasoma habari ya ng'ombe dume anayepiga watu pembe. Ng'ombe akiua mtu, anapigwa mawe, lakini mwenyewe hana hatia. Ila kama ng'ombe alizoea kupiga watu, na mwenyewe aliambiwa, naye asimfunge, basi mwenyewe anastahili kufa, au atajikomboa kwa malipo. Mshike neno hilo: aliambiwa. Ng'ombe yule na breki zile mbovu ni ndugu.

Waroma walikuwa na sheria moja yenye jina la Aquilia, ya karne ya 3 kabla ya Kristu. Mtu akiua mtumwa wa mwenzake bila haki, alimlipa bwana wa mtumwa bei kubwa ambayo mtumwa yule angepata katika mwaka uliotangulia. Na mtu huru je? Wanasheria wa Roma walijibu kwamba mwili wa mtu huru hauna bei. Neno hilo ni zuri sana. Lakini tuone matokeo yake: bwana wa mtumwa alilipwa, na mjane wa mtu huru mara nyingi hakupata kitu. Palikuwa na amri ya kando, kwamba kitu kikitupwa toka nyumbani juu ya njia na kuua mtu huru, mwenye nyumba atalipa vipande 50 vya zahabu. Hiyo ilikuwa faini, maana hata hapo Waroma hawakukubali kusema kwamba wanamtia mtu bei.

Baadaye walikuja Wafranki, waliokaa katika inchi ambayo leo ni Ubelgiji na Ufaransa. Sheria yao ya Kisali, iliyoandikwa siku za mfalme Clovis, ilihesabu vingine. Aliyeua Mfranki huru alilipa sarafu 200 za zahabu. Aliyeua Mroma mwenye shamba alilipa 100. Malipo yaligawanyika kwa watoto wa marehemu na kwa ukoo wake. Shabaha ilikuwa njema: kuzuia kisasi, ili damu moja isizae damu kumi. Lakini mnaona aibu yake: mtu wa taifa moja alikuwa na bei mara mbili kuliko mtu wa taifa jingine.

Wazee wetu nao walijua malipo ya damu. Kabila moja lilitoa ng'ombe, jingine mbuzi. Kwingine, kwa mfano kwa Walele wa Kasai, deni la damu lililipwa kwa kutoa mwanamke kwa ukoo wa marehemu. Wazee walitafuta amani, tusiwacheke. Lakini binti naye ni mtu, ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Hawezi kuwa malipo ya mtu mwingine. Desturi hiyo Kanisa haliwezi kuikubali, wala sheria ya inchi haiikubali.

SWALI LABADILIKA

Mwaka 1804, wakati Ubelgiji ulikuwa chini ya Ufaransa, kilitoka kitabu cha sheria cha Napoléon. Katika kifungu 1382 kilisema kwa kifupi kwamba yeyote anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima atengeneze hasara aliyoleta. Hapo swali lilibadilika. Juji hakuuliza tena: «Marehemu alikuwa na bei gani?» Aliuliza: «Walio hai wamepoteza nini?» Mjane amepoteza mkono uliomlisha, watoto wamepoteza karo ya shule, mama mzee amepoteza fimbo ya uzee wake, na wote wameumia moyoni. Hasara hiyo inahesabika, hata kama mtu mwenyewe hahesabiki.

Lakini ilibaki shida kubwa. Mjane alipaswa kuonyesha kosa. Angeonyeshaje, mke wa mtu wa shimo la makaa, jambo lililotokea chini ya udongo ambako hakufika hata siku moja? Mashahidi walikuwa wafanya kazi wa shimo lile lile, wakaogopa kufukuzwa. Ndiyo sababu, wakati viwanda vilipoongezeka, inchi za Ulaya zilitunga sheria mpya: Udachi mwaka 1884, Ufaransa mwaka 1898, Ubelgiji tarehe 24 Desemba 1903. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1891, Papa Leo XIII alitoa barua yake Rerum Novarum, akitetea heshima na mshahara wa haki wa mfanya kazi.

Sheria ya 1903 ilikuwa kama mapatano. Kwa upande mmoja, jamaa ya aliyekufa kazini haikulazimika tena kuonyesha kosa la mtu. Ilipata malipo yaliyopimwa na sheria. Kwa upande mwingine, haikuweza kumshitaki patroni mbele ya tribinali ya kawaida ili kudai hasara yote, isipokuwa patroni alifanya makusudi. Mkate ulikuwa wa hakika, lakini ulikuwa mdogo.

MARCINELLE

Mapatano hayo yalijaribiwa vikali huko Marcinelle, karibu na Charleroi, katika shimo la makaa la Bois du Cazier. Tarehe 8 Agosti 1956, saa mbili na dakika kumi asubuhi, chini sana, mita 975, gari dogo la makaa liliingizwa vibaya katika lifti. Lifti ikapanda wakati gari bado limetokeza nje. Likagonga boriti, likakata waya za umeme, bomba la mafuta na bomba la hewa. Moto ukawaka, na moshi ukajaa njia zote. Wake na mama za watu wakasimama penye milango ya chuma, mchana na usiku, wiki mbili nzima. Alfajiri ya tarehe 23 Agosti mwokozi mmoja alipanda toka chini akasema kwa Kiitalia kwamba huko hakuna ila maiti.

Walikufa watu 262. Kati yao 136 walikuwa Waitalia na 95 Wabelgiji. Wengine walitoka inchi nyingine. Waitalia walikuja kwa sababu ya mapatano ya mwaka 1946 kati ya Serikali mbili: Italia ilitoa watu, Ubelgiji ulitoa makaa.

Kisha ikaja kesi. Mwaka 1959 tribinali ya Charleroi iliwaachilia washitakiwa wote. Jamaa hazikunyamaza. Kesi ikapanda kwa korti ya rufani, na tarehe 30 Januari 1961 mhandisi mmoja, mkubwa wa kazi, akahukumiwa miezi 6 ya kifungo kisichotimizwa, na faini ya franka 2.000. Kampani nayo ilihukumiwa kulipa karibu franka milioni tatu. Kwa nani? Kwa jamaa za marehemu wawili tu, kwa sababu hao wawili hawakuwa wafanya kazi wake. Wengine wote walikuwa chini ya sheria ya ajali za kazi. Kesi iliendelea mpaka tarehe 27 Aprili 1964, ikamalizika kwa mapatano.

Tufikiri kidogo. Watu walikufa katika moshi mmoja, siku moja, kwa sababu moja. Lakini njia ya mjane huyu na njia ya mjane yule zilikuwa mbili, kwa sababu ya karatasi ya kazi tu. Ndiyo maana tunasema: anayefiwa hivi, jambo la kwanza kwake ni kujua yuko juu ya njia gani.

NA KWETU KONGO

Sheria ile ya Napoléon ilifika kwetu kwa dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, na ingali na nguvu. Kifungu 258 ndicho kile 1382 cha Ulaya. Kifungu 259 kinaongeza kwamba mtu hujibu pia kwa uzembe na kwa kutojihadhari. Kifungu 260 kinasema kwamba mwenye kazi hujibu kwa matendo ya watumishi wake kazini. Kwa hiyo mwenye kamio asiseme: «Mwone shofere.» Shofere anajibu, naye anajibu.

Juu ya ajali za kazi, wakati wa ukoloni palikuwa na sheria mbali kwa Wazungu na mbali kwa watu weusi. Kosa la Wafranki lilirudi kwa nguo mpya. Dekreti-sheria ya tarehe 29 Juni 1961 iliweka utaratibu mmoja kwa wafanya kazi, na leo sheria ya tarehe 15 Julai 2016 imechukua nafasi yake.

Basi njia ziko hivi. Mtu akifa kazini, au akielekea kazini, jamaa inaomba kwa kasha la Serikali liitwalo CNSS feza ya maziko na pensheni ya mjane na ya yatima. Haihitaji kuonyesha kosa la mtu.

Mtu akigongwa na motokari, kuna sheria inayolazimisha kila motokari kuwa na asiransi. Jamaa inatafuta namba ya motokari na jina la asiransi yake, na kupata maandiko ya polisi.

Mtu akiuawa kwa uzembe wowote, hilo ni kosa mbele ya sheria ya hukumu, vifungu 52 na 53, hata kama hakuna aliyetaka kuua. Jamaa inapeleka mashitaka kwa parke. Kesi ikiwa mbele ya juji, inaweza kuingia kama «parti sivili», maana yake mdai wa hasara, na juji huyo huyo atakata kosa na malipo pamoja. Lakini wasikawie: mashitaka ya kosa hilo yana mwisho wake, ni miaka 3.

Pasipo hukumu ya kosa, jamaa inaweza pia kwenda kwa tribinali ya madai peke yake, kwa kifungu 258.

Kwa njia zote wanauliza karatasi: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa. Hapa tunawakumbusha wenye ndoa: andikisheni ndoa yenu kwa Serikali pia. Wajane wengi wanashindwa mlangoni tu kwa kukosa karatasi hiyo. Tena, malipo anayodai mjane kwa hasara yake mwenyewe si mali ya urithi. Ndugu za marehemu wasije wakayagawanya kama mabati ya nyumba.

MSAMAHA NA HAKI

Wakristu wengine wanatuambia: «Tumesamehe, basi hatuwezi kushitaki.» Msamaha ni kutoa chuki moyoni. Kudai chakula cha yatima si chuki. Zakayo alipoongoka alirudisha mara nne kwa aliowadhulumu, na Bwana hakumkataza. Mwenye kosa naye anahitaji kulipa, apate amani ya kweli. Tena aliyelipia breki mbovu mara moja ataangalia breki za kamio nyingine. Hivi haki ya marehemu mmoja inalinda walio hai.

Na mjane wetu? Tulimpeleka kwa avoka. Akatueleza kwamba karatasi ya mapatano haimzuii parke kushitaki. Karatasi iliyopatikana kwa udanganyifu au kwa kutisha inaweza kuvunjwa na juji. Na juu ya haki ya watoto wadogo, yeye mwenyewe atauliza tribinali kama mama aliweza kuitoa peke yake. Zaidi ya hayo, inamfunga yule tu aliyeitia kidole. Mama mzee wa marehemu, aliyekuwa akikaa nao na kulishwa nao, hakutia kidole. Tulipotoka pale, bibi yule ndiye aliyetangulia mbele kwa parke, na mkwe wake nyuma yake.

Basi, ndugu, mtu akiletewa karatasi siku ya maziko, apokee sanduku, ashukuru kwa mchele, na karatasi aiweke pembeni. Aseme: «Tutasoma kwanza.» Kisha aende kwa katekista, au kwa watu wa Tume ya Haki na Amani ya jimbo, au kwa avoka. Maskini asiogope gharama: anaweza kupata cheti cha umaskini, na kuna avoka wanaotoa shauri bure.

Waroma walisema kweli: mwili wa mtu hauna bei. Ndiyo sababu mjane yule hakumuuza bwana yake, hata kwa magunia mia. Alichokosa ni mtu wa kumsomea karatasi. Hiyo ni kazi yetu sote tunaojua kusoma. Tuwaombee marehemu wetu, na tusiwaache wajane wao peke yao mbele ya kalamu.