Aliyebuni rolata naye alitembea kwa shida

Wasee, mwezi jana nilienda kumnunulia shosho woka ya magurudumu. Macho yangu yalikuwa kwa bei na rangi tu. Nikamtumia picha. Akanipigia: "Na hiyo breki ya kushoto nitafinya na nini?" Mkono huo umelegea tangu apate kiharusi. Nilinyamaza.

Usiku nikasoma historia yake. Aina Wifalk, Mswidi, alipata polio mwaka wa 1949 akiwa na miaka 21, akisomea uuguzi. Alitembea kwa shida maisha yake yote. Mwaka wa 1978 akabuni rolata, na hakuisajili kama mali yake, ndio iwafikie watu wengi. Manze, hapo pesa ilimpita na akaiacha!

Yeye alijua mwili wake. Mimi sikuuliza hata swali moja. Kwa shosho njia ni ya mawe, magurudumu madogo yatakwama. Mishikio inafaa ifike kifundo cha mkono akisimama wima, mikono ikining'inia. Na kuna zenye breki ya mkono mmoja inayoshika magurudumu yote mawili ya nyuma.

Jumamosi tunaenda dukani pamoja. Yeye ndiye atakayejaribu, mimi nitabeba mkoba.