Usukani Uliobadilisha Sheria ya Bahari

Karibu saa 4 asubuhi, tarehe 16 Machi 1978, meli ya mafuta Amoco Cadiz ilikuwa ikipita pwani ya Brittany, Ufaransa, bahari imechafuka, na tumboni imebeba tani zipatazo 220,000 za mafuta ghafi. Ghafla usukani ukagoma. Kule tezini, boliti za kiungo cha bomba zilikuwa zimekatika na mafuta ya haidroliki yakafoka nje.

Mitambo ya nguvu ya kuendesha usukani, kama huo uliogoma, iliwatua mabaharia mzigo mzito. Zamani, dhoruba ikivuma, wanaume kadhaa waling'ang'ania gurudumu moja la usukani. Miaka ya 1860 meli Great Eastern ilifungwa mtambo wa mvuke wa John McFarlane Gray. Mfaransa Joseph Farcot naye akaendeleza wazo ambalo halijaachwa hadi leo: usukani wenyewe uujulishe mtambo umefika wapi, ili mtambo usimame mahali panapotakiwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mwingereza Henry Selby Hele-Shaw akabuni pampu inayozunguka mfululizo lakini inasukuma mafuta pale tu yanapohitajika, tena kwa kiasi kinachohitajika. Nishati ikaokolewa, na meli kubwa ikatii mkono wa mtu mmoja.

Amoco Cadiz ilikuwa na pampu mbili, ila zilitegemea mabomba yaleyale. Mafuta ya haidroliki yalipovuja, zote mbili hazikuwa na cha kusukuma. Mafundi walihangaika kuyajaza upya na kuuzuia usukani, huku mawimbi yakiupigapiga huku na huku. Tagi ilipojaribu kuivuta meli, kamba ilikatika. Usiku ule ikakwama kwenye miamba ya Portsall, kisha ikavunjika, na shehena yote ikaishia baharini. Mabaharia waliokolewa kwa helikopta. Wavuvi na wafugaji wa chaza wakabaki na ufuo mweusi. Mwaka 1984 mahakama ya Chicago iliikuta kampuni ya Amoco na hatia ya uzembe katika matengenezo ya mtambo na katika mafunzo ya mabaharia.

Marekebisho ya mwaka 1981 ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, yaliilenga kasoro ya pampu mbili kutegemea mabomba yaleyale. Katika meli mpya za mafuta zenye ukubwa wa tani 10,000 na zaidi, hitilafu moja ikiuangusha mtambo, usukani sharti urejee ndani ya sekunde 45. SOLAS inataka pia mabaharia wafanye mazoezi ya usukani wa dharura kila baada ya miezi mitatu, wakiuendesha kutoka chumba cha mtambo wenyewe. Zoezi hilo nalithamini kuliko pampu ya tatu, kwa sababu vali ya kutenga bomba bovu haina faida kwa fundi ambaye hajawahi kuifunga.