Mbegu Zilizokutana Kitale

Mtu asafiriye kutoka Kitale kwenda Bungoma katika mwezi wa Julai, akipitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu mpaka Webuye, huenda mwendo mrefu bila ya kuona jingine kando ya njia ila mihindi. Imesimama kuume na kushoto, mirefu kumpita mtu aliyenyosha mkono juu, na nyuma yake huonekana Mlima Elgon ukiwa umejifunika wingu. Mgeni aweza kudhani ya kuwa mmea huu uliumbwa pamoja na mlima. Sivyo hata kidogo. Jina lake lenyewe laonyesha ugeni, maana watu wa pwani waliunasibisha na Bara Hindi. Na hata hilo halikuwa sawa, kwa kuwa asili yake ni Amerika, na waliouleta katika pwani yetu ni Wareno, katika karne ya 16. Mababu wa Wabukusu walikula wimbi na mtama, na katika nyumba za wazee wimbi lina heshima yake hata leo.

Basi mihindi hii mirefu ilitoka wapi? Historia yake ni fupi, kwani sehemu iliyo kubwa haifiki miaka mia moja, lakini ni historia yenye safari ndefu.

Walowezi wa Kizungu walipotwaa nchi ya Trans Nzoia walitafuta mbegu Afrika ya Kusini. Wakaleta aina zenye majina kama Hickory King, Ladysmith White na Salisbury White, ambazo nyingi katika hizo zilikuwa zimetoka Marekani kabla ya kufika Afrika. Zilipandwa mashamba kwa mashamba, na upepo, usiojua mipaka ya mashamba, ukazichanganya. Baada ya miaka mingi ikapatikana aina moja ya nchi, yenye punje pana, bapa na nyeupe. Vibarua waliichukua mifukoni wakaipeleka makwao. Na hivyo mbegu ikavuka mpaka ambao watu hawakuruhusiwa kuuvuka ila kwa kazi.

Yatupasa kuufahamu mpaka huo. Upande wa Kitale ardhi ilikuwa ya walowezi. Mwafrika aliishi humo kama kibarua au skwota. Upande wa Bungoma ilikuwa ardhi ya wenyeji, yenye mashamba madogo. Serikali ilipoanzisha udhibiti wa mahindi mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mlowezi aliwekewa bei ya uhakika, na gunia la Mwafrika mara nyingi lilinunuliwa kwa bei ya chini kuliko lake. Ndiyo kusema, utafiti ulipoanza, haukuanza kwa ajili ya mkulima wa Bungoma. Nasema hivi bila ya chuki. Ni jambo la kweli, na historia isiyosema kweli ni hadithi ya kulalia.

Mwaka 1955 Michael Harrison alianza kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi katika kituo cha Kitale. Ili tuielewe kazi yake hatuna budi kumtazama muhindi kwa makini. Juu kabisa una mbelewele, nao ndio uume wake, utoao chavua kama vumbi la manjano. Katikati ya bua hutoka gunzi changa lenye nyuzi laini, ambazo watoto huzifanya ndevu katika michezo yao. Kila uzi mmoja umeungana na punje moja, na punje haijai mpaka uzi wake uguswe na chavua. Kwa kawaida chavua hutoka kwa jirani yoyote. Mtaalamu akitaka kumjua mzazi wa kila mbegu, hulifunika gunzi kwa mfuko wa karatasi kabla nyuzi hazijatoka, na mbelewele huifunika kwa mfuko mwingine, kisha huimwagia nyuzi chavua ile anayoitaka yeye.

Muhindi ukichavushwa kwa chavua yake wenyewe, kizazi baada ya kizazi, watoto hudhoofika, hata baada ya miaka kadhaa mtu huona aibu kuwaonyesha wageni shamba. Lakini koo mbili zilizodhoofika namna hiyo zikikutanishwa, mtoto hutoka na nguvu ya ajabu. Jambo hili lilielezwa na George Shull huko Marekani mwaka 1908, na miaka kumi hivi baadaye Donald Jones akapata njia ya kulifanya lifae biashara. Mtoto huyo ndiye aitwaye chotara.

Harrison alianza na mahindi ya nchi. Katika koo alizozipata ikatengenezwa mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II, ambayo ilitolewa kwa wakulima mwaka 1961. Ilikuwa njema, lakini haikuwa ajabu. Sababu si ngumu: mahindi yote ya Trans Nzoia yalikuwa ndugu wa karibu, na ndugu wakioana nguvu ya uchotara huwa haba. Alihitaji ukoo wa mbali. Wengi wangeutafuta katika mashamba mashuhuri ya Marekani ya Kaskazini, ambako mahindi yamezoea mchana mrefu wa kiangazi. Kitale iko karibu na ikweta, mchana na usiku vinalingana, na iko juu ya bahari kiasi cha mita 1,900. Palipofanana napo ni milima ya Amerika ya Kati na ya Kusini, mahali ambapo watu wamelima mahindi kwa maelfu ya miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa Rockefeller Foundation, Harrison akaenda pande hizo, akarudi na mikusanyo mingi ya mbegu. Mmojawapo ulitoka Ecuador, nao hakuupa jina ila namba yake: Ecuador 573.

Mkusanyo huo ulipooanishwa na Kitale Synthetic II, mavuno ya mtoto yalizidi yale ya mzazi wa Kitale kwa karibu asilimia 40. Tulifikiri kidogo jambo hili. Mahindi ya Kitale yalikuwa yametoka Amerika, yakapita Afrika ya Kusini, yakafika Elgon. Mahindi ya Ecuador yalikuwa yamekaa milimani kwao yakilindwa na wakulima wa Kihindi Wekundu, ambao majina yao hayakuandikwa mahali popote. Ndugu wawili walioachana kwa muda usiohesabika wakakutana katika kituo kimoja cha Kenya. Sifa hupewa Harrison, naye anastahili. Lakini wale waliochagua magunzi mazuri kila msimu, baba kwa mwana, mama kwa binti, ndio walioitengeneza nusu ya kazi hiyo.

Mbegu hiyo mpya ikaitwa H611, ikatolewa mwaka 1964. Namba sita ya mwanzo yaonyesha ya kuwa ni ya nchi za juu. Zile za kimo cha kati zikaanza na tano. Tena ilikuwa na faida moja isiyotajwa sana. Wazazi wake wote wawili walikuwa mahindi yenye nguvu, si zile koo dhaifu. Kwa hiyo mbegu yake ilipatikana kwa wingi na kwa gharama ndogo. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956 na kufanya kazi ya mbegu za majani ya malisho, ndiyo iliyochukua uzalishaji. Mashamba ya mbegu hupandwa safu za mama na safu za baba, na kila siku vibarua hupita wakiing'oa mbelewele ya mama kabla haijamwaga chavua. Shamba likiachwa siku mbili tu, mbegu yote yaweza kuharibika.

Kisha likatokea jambo ambalo wataalamu wengi hawakulitazamia. Kenya ilikuwa imepata uhuru mwaka 1963, na katika Trans Nzoia baadhi ya mashamba makubwa yalikuwa yakikatwa kugawiwa wananchi. Ilidhaniwa ya kuwa mbegu ya kununua kila mwaka ingewafaa matajiri, na mkulima mdogo angeikataa. Hakuikataa. Iliuzwa katika maduka madogo ya vijijini, karibu na chumvi na mafuta ya taa, nayo ikaenea Bungoma na Kakamega kama moto wa nyika. John Gerhart, Mmarekani aliyechunguza habari hii na kuitolea kitabu mwaka 1975, alionyesha ya kuwa wakulima wa Magharibi ya Kenya waliipokea mbegu chotara kwa upesi usiopungua ule wa wakulima wa Marekani katika miaka ya 1930 na 1940. Wale waliosema kuwa mkulima wa Kiafrika hapendi mabadiliko walipaswa kulitafuta neno jingine.

Lakini mbegu peke yake haikutosha. A. Y. Allan, mtaalamu wa ukulima pale Kitale, alifanya majaribio mengi katika wilaya mbalimbali, akilinganisha mbegu ya kienyeji na chotara, mbolea na kutotia mbolea, kupanda mapema na kuchelewa, palizi njema na palizi mbovu. Aligundua ya kuwa mtu aliyenunua mbegu ghali na mbolea ya chumvichumvi, kisha akachelewa kupanda na kuacha magugu, alitupa fedha zake. Kupanda mvua zianzapo hakugharimu senti, na faida yake ilikuwa kubwa mno. Kwa nini? Katika miaka ya 1970 Cooper na Law walilichunguza swali hilo Kitale, wakaona ya kuwa joto la udongo ni sababu kubwa. Kitovu cha ukuaji wa muhindi mchanga hubaki chini ya ardhi kwa majuma ya kwanza. Apandaye mapema huikuta ardhi bado ina joto. Mvua zikiendelea ardhi hupoa, na mche uliochelewa hukua polepole, wala haulipi deni hilo mpaka mavuno. Kwa hakika akina mama wa Bungoma, waliokuwa wakilima hata kabla ya mawingu kukusanyika, walikwisha kuijua hukumu. Wataalamu waliwaletea sababu yake.

Chotara lina masharti. Mkulima akiweka punje za mavuno yake na kuzipanda mwaka ufuatao, nguvu hupungua. Zamani mbegu bora ilining'inizwa juu ya moshi wa jiko. Sasa hununuliwa, na mwenye kukosa fedha mwezi wa Machi hukosa mbegu. Mahindi meupe nayo yameyafukuza wimbi na mtama katika mashamba mengi, hali hayana protini iliyokamilika. Mwaka ule ule wa 1964, ilipotoka H611, Mertz, Bates na Nelson wa chuo kikuu cha Purdue walitangaza ya kuwa wameona aina ya mahindi yenye protini iliyo bora zaidi. Wakaanza wengine kuitafutia punje ngumu na mavuno mema, kazi iliyochukua miaka mingi. Mtoto alishwaye uji wa mahindi matupu anaweza kushiba na asinawiri.

Tena kuna kiduha, gugu lenye maua mazuri ya zambarau, ambalo hung'ang'ania mizizi ya muhindi na kuunyonya. Mbegu zake ni kama vumbi, na hukaa ardhini miaka mingi zikingoja. Katika sehemu za Bungoma zenye udongo uliochoka limewafanya watu wengi kuvuna mabua tu. Zeyaur Khan na wenzake wa ICIPE, wakishirikiana na watafiti wa Kitale na wale wa Rothamsted, Uingereza, walikuwa katika miaka ya 1990 wakitafuta dawa ya funza wabunguao mabua. Walipanda nepia pembezoni ili iwavute nondo, na desmodiamu katikati ya mihindi ili iwafukuze. Wakashangaa kuona ya kuwa penye desmodiamu kiduha hakioti. Kemia ikatoa jibu: mizizi ya desmodiamu hutoa vitu kadhaa, kimoja huziamsha mbegu za kiduha, na kingine huuzuia mzizi wake usifike kwa muhindi. Kiduha huamka ili kife. Ng'ombe naye hula desmodiamu na nepia, jambo ambalo mkulima hulipima kuliko kemia yote.

Mwaka 2017 waliingia viwavijeshi kutoka Amerika, nchi ile ile ya asili ya mahindi, na Trans Nzoia na Bungoma zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kenya kushambuliwa. Watu walipita mashambani alfajiri wakitia majivu na mchanga katika moyo wa kila mche. Watafiti wamekwisha kutoa mbegu nyingi baada ya H611, zinazokomaa upesi na zisizoanguka kwa upepo. Hata hivyo, mvua za Machi zikaribiapo, wazee wengi huingia dukani na kuulizia H614, ya ukoo ule ule wa Kitale na Ecuador, kwa kuwa unga wake ni mtamu na gunia lake ni zito.