Paa la nyasi, paa la manjanja, paa la udongo: deni la nyumba kwa mvua

Tukitaja mila, wengi wetu wanafikiriaga kwanza ngoma, mahari na majina ya mababu. Paa la nyumba wanalisahau. Lakini paa nalo lina historia yake, na kwa sisi wakaaji wa milima ya Kivu historia hiyo inagusa uzima na kifo. Juu ya nini? Kwa sababu paa ndilo linalopokea mvua wa kwanza, na ndilo linaloamua kama maji yatashuka polepole ao kwa nguvu.

Katika kurasa hizi tunataka kusema jambo moja tu. Kila nyumba inapojengwa, inachukua kipande cha udongo ambacho zamani kilikuwa kinakunywa mvua. Hilo ni deni. Mababu walikuwa wanalilipa bila kulitaja. Miji mingine ya dunia imeanza kulilipa juu ya paa. Na sisi wa mijini, je?

1. Nyumba ya mababu

Kwa Bashi, nyumba ya zamani ilikuwa ya mviringo, sawa kikapu kilichopinduliwa. Fito zilikunjwa na kufungwa pamoja, halafu nyasi zikapangwa toka kilele mpaka karibu na chini. Ukuta na paa vilikuwa kitu kimoja. Katika pori la Ituri, Wambuti nao wanajenga kwa fito na majani ya mangongo, na hiyo ni kazi ya wamama.

Tusidanganyane: paa la nyasi halikuwa linakunywa maji yote. Nyasi zilizokatwa zimekufa, na zinapangwa kwa mteremko ili maji yapite. Uzuri wake ulikuwa pengine. Tone la mvua lilikuwa linapita kati ya mabua elfu, linachelewa, linaanguka chini bila kelele. Na pale chini lilikutana na nini? Udongo wa kiwanja, na nyuma ya kiwanja, shamba la migomba na majani makavu yake yaliyofunika ardhi. Paa halikufanya kazi peke yake. Nyumba, kiwanja na migomba vilikuwa watu watatu wenye kubeba mzigo mmoja.

2. Namna gani manjanja yalishinda

Mji wa kikoloni ulikuja na sheria zake. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910. Bukavu ilikuwa bado kituo kidogo kando ya ziwa, na baadaye ikaitwa Costermansville kwa muda. Wakubwa wa wakati ule walitaka nyumba za vifaa vya kudumu: matofali, simiti, manjanja. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha Office des Cités Africaines, ofisi iliyojenga mitaa mizima ya Waafrika katika miji mikubwa, Bukavu ikiwa mojawapo. Nyumba ya nyasi ikawa alama ya kijiji, na mwishowe alama ya umaskini.

Lakini si sheria peke yake. Wababa wetu waliyapenda manjanja kwa akili yao wenyewe. Nyasi zinaungua kwa cheche moja. Zinaoza, zinaingiza panya na nyoka, na kila baada ya miaka michache lazima kuzibadilisha. Mtu aliyerudi toka kazini na manjanja kichwani alikuwa ameonyesha jamaa kwamba jasho lake halikupotea. Hakuna aibu yoyote katika jambo hilo, na hatuandiki hapa kumwambia mtu arudi kwenye nyasi.

Shida ilianza pale nyumba zilipoongezeka na viwanja vikapotea. Tupige hesabu kidogo. Paa la manjanja lenye urefu wa meta 8 na upana wa meta 5 lina meta za mraba 40. Ikinyesha mvua kali ya milimita 50, paa hilo moja linamwaga litre 2.000, maana yake bido 100 za litre 20. Manjanja hayakunywi hata tone. Sasa tuweke nyumba mia kwenye mteremko mmoja wa Kadutu, bila mfereji wa kweli, bila migomba, parsele imegusana na parsele: ni bido 10.000, na zote zinashuka karibu kwa saa moja. Maji hayo yanatafuta njia, yasipoipata yanaichimba.

Ile njia ndiyo tunaitaga erozio. Mwaka 2025 watafiti, na kati yao wa Université Officielle de Bukavu, walitoa hesabu yao juu ya makorongo ya mijini katika nchi yetu: waliyakuta 2.922, katika miji 26. Watu zaidi ya 118.000 walihamishwa nayo kati ya mwaka 2004 na 2023. Wanaeleza kwamba ni mji wenyewe unaoyazaa, kwa sababu mapaa na mabarabara yanakusanya maji na kuyatupa mahali pamoja kwenye mteremko. Wakaaji wa Kinshasa, Bukavu na Kikwit hawahitaji kitabu kwa kulijua hilo. Wameona nyumba ya jirani ikienda usiku.

3. Wazungu nao waliacha majani, halafu wakayarudia

Wengine wanafikiri kwamba paa la majani ni jambo la Afrika tu. Sivyo. Huko Norvège, kwa karne nyingi, nyumba za mbao zilifunikwa na udongo wenye majani mabichi. Kwanza walipanga maganda ya mti uitwao bouleau, ambayo hayapitishi maji. Juu yake wakaweka vipande vya udongo pamoja na majani yake na mizizi yake. Paa hilo lilikuwa zito, karibu kilo 250 kwa kila meta ya mraba, lakini lilishika joto ndani ya nyumba wakati wa baridi. Halafu vigae na mabati ya kiwanda vikafika, na mwisho wa karne ya 19 paa la udongo likaanza kudharauliwa. Ni historia yetu ileile! Leo wanaliweka tena, hasa kwenye nyumba zao za milimani.

Huko Berlin jambo lilitokea bila kupangwa. Mwisho wa karne ya 19 mafundi walifunika mapaa bapa ya nyumba za wafanyakazi kwa lami, halafu changarawe na mchanga, ili moto usienee. Upepo na ndege wakaleta mbegu, na majani yakaota yenyewe. Wataalamu waliopanda kuyatazama baada ya miaka mingi walikuta mapaa bado mazima, maana udongo ulikinga lami dhidi ya jua. Ujerumani ikaanza kuchunguza jambo hilo, na mwaka 1982 kanuni za mafundi juu ya mapaa ya namna hiyo zikaandikwa.

Toka hapo miji ikaamka. Chicago ilipanda majani juu ya jengo la serikali ya mji, kazi iliyomalizika mwaka 2001. Basel, katika Uswisi, iliamuru mwaka 2002 kwamba kila paa bapa la jengo jipya lipandwe majani. Toronto ilipitisha sheria yake mwaka 2009 kwa majengo makubwa. Hawakufanya hivyo kwa urembo tu. Mifereji yao ilikuwa inajaa, na joto la mji lilikuwa linapanda.

4. Paa hilo linafanyaje kazi?

Ni matabaka. Chini kuna dale ya beto. Juu ya dale wanatandika kitu kisichopitisha maji wala mizizi. Kisha tabaka la kuondoa maji yaliyozidi, kitambaa cha kuzuia udongo usitoroke, na mwishowe udongo mwepesi wa santimeta 10 hivi, wenye majani madogo yanayovumilia jua. Katika nchi za Ulaya paa la namna hii linashika karibu nusu ya mvua ya mwaka. Ikinyesha kwa nguvu na udongo ukashiba, maji yatapita, lakini yatapita yamechelewa. Kuchelewa huko ndiko mababu walikuwa wanapata kwa nyasi na migomba.

5. Na sisi tufanye nini?

Tusikimbilie kuiga. Manjanja juu ya mbao hayawezi kubeba udongo. Ukilowa, santimeta 10 zinaweza kufikia kilo 150 kwa meta ya mraba. Hata dale ya zamani isiwekewe udongo kabla injenia hajapiga hesabu, maana paa linaloanguka linaua haraka kuliko erozio. Lakini kuko nyumba za etaji zinazojengwa kila mwaka, na dale zake bapa zinabaki bure, zinapokea jua na takataka. Kwa hizo, wenye kujenga waulize swali mapema, wakati karatasi ya mpango iko bado mezani.

Kwa wenye manjanja, yaani wengi wetu, deni linalipwa kwa njia nyingine. Mfereji pembeni ya paa na pipa chini yake: maji ya kufua na kuosha, na mtoto hatapanda mlima na bido. Pipa likijaa, maji yaende kwenye shimo lenye mawe, yasitupwe kwa jirani wa chini. Migomba michache ao matete kwenye mpaka wa parsele. Lengalenga ndani ya magunia, vile tunavyoonaga tayari katika parsele nyingi. Na salongo ya kusafisha mifereji ya avenyu, ifanywe kabla ya mwezi wa tisa, wakati mvua haijarudi.

Tunajua kwamba mtu mmoja akilipa deni na jirani yake wa juu akakataa, korongo litawachukua wote wawili. Ndiyo sababu tunaliweka jambo hili kati ya mila: mila ni kile ambacho mtu hafanyi peke yake. Katika kijiji cha zamani, kumwagia jirani maji yako ilikuwa kesi ya kupelekwa mbele ya wazee. Mjini tumeifanya kuwa jambo la kawaida, kila mtu na ukuta wake, kila mtu na mvua yake.

Wazee wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Basi tuyakamate yangali juu.