TFC ya historia mu Likasi: kuchagua suje, kusikiliza wazee, kuandika

Mwanafunzi wa historia akikosa suje, mara nyingi anarudilia ile ya mwenzake wa mwaka uliopita. Lakini mu Likasi historia iko karibu sana: iko mu nyumba za Panda, mu gare ya reli, mu sanduku la karatasi la mzee wa Gécamines. Na wale wanaoijua wanaendelea kutuacha mumoja mumoja. Ndiyo maana kazi hii si ya kutafuta pointi tu.

TFC ni nini?

Mu mfumo wa zamani, mwanafunzi alisoma miaka 3 ya graduat, akaandika TFC, ni kusema kazi ya mwisho wa masomo. Kisha miaka 2 ya licence, aliandika memwari. Mfumo wa LMD, ulioenea mu vyuo vya inchi tangu mwaka wa masomo 2021-2022, unaweka licence ku miaka 3. Jina linaweza kubadilika, kazi ni ile ile: kuuliza ulizo moja juu ya wakati uliopita na kulijibu kwa vitu vinavyoweza kuhakikishwa.

Punguza suje

"Historia ya Gécamines" si suje, ni maktaba nzima. Union Minière ilianzishwa mu 1906, serikali ikatwaa mali yake mu 1967. Hakuna mwanafunzi atakayemaliza yote hayo. Punguza mahali, watu na miaka.

Mfano: mu 2003-2004, zaidi ya wafanyakazi 10 000 walitoka ku Gécamines mu ile programu iliyoitwa "départ volontaire", kwa msaada wa franga za Benki ya Dunia. Suje inaweza kuwa: familia za watu hao mu komini ya Panda, 2003-2013. Ulizo: wakati mshahara ulikatika, bamama walilisha nyumba namna gani?

Kuna zingine: mgomo wa Desemba 1941, vita vya Jadotville vya Septemba 1961, mugoti wa Shinkolobwe kulikotoka uranium ya bomu la Hiroshima. Juu ya hizo watu wameandika mengi. Soma kwanza, kisha tafuta kile ambacho hawakuuliza.

Kusikiliza wazee

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameonyesha kwa miaka mingi kwamba maneno ya wafanyakazi na familia zao ni chanzo cha historia kama karatasi za ofisi. Na mu 1965, André Yav aliandika historia ya Elisabethville mu Kiswahili chetu, kwa upande wa maboyi. Kwa hiyo usione haya kuuliza mu Kiswahili; andika maneno namna mzee alivyoyasema, halafu yatafsiri.

Omba ruhusa mbele ya kufungua telefone ya kurekodi. Andika tarehe, umri, kazi aliyofanya na mahali. Usiulize "Mliteseka, si ndiyo, baba?" maana ulizo hilo linabeba jibu lake. Uliza: "Siku ulipopokea barua, ulifanya nini?" Mzee akisahau mwaka, mshikishe ku jambo kubwa: ilikuwa mbele ya kuanguka kwa mugoti wa Kamoto, mu 1990, ao nyuma yake? Na usisikilize baba peke yake. Mama alijua bei ya unga.

Linganisha

Mtu mmoja hatoshi. Omba kuona karatasi ya mshahara, karte ya kazi, picha. Tafuta magazeti ya wakati ule na kazi za wanafunzi wa mbele. Arshive za Union Minière nyingi ziko Brussels, lakini vitabu vilivyotoka ndani yake vinaweza kupatikana Lubumbashi. Karatasi na mzee wakipingana, usifiche. Andika yote mawili na eleza sababu unayoiona. Hapo ndipo historia inaanza.

Mambo yenye maumivu

Mu 1992-1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa, na wengi walilala ku gare ya Likasi wakingojea train. Suje kama hiyo inahitaji akili. Badilisha majina, usiseme avenue, na mtu akikataa kuendelea, funga kitabu. Hakuna TFC inayopita usalama wa mtu.

Kuandika na kujitetea

Anza kuandika mapema, hata kurasa mbili kwa juma, na umuonyeshe direkta wako. Kila neno lisilo lako, sema umelitoa wapi. Kunakili kazi ya mwingine ni wizi, na jury inaweza kukuuliza swali moja tu likakumaliza. Ukifanya kazi mwenyewe, utajibu bila kutetemeka, sababu ulikuwa pale.

Ukimaliza, peleka kopi moja kwa wale waliokufungulia mlango. Wajukuu wao ndio watakaoihitaji.