Zulia la Kijani

Kwa miaka minne nilikuwa katibu wa kamati ya viwanja katika klabu moja ya gofu ya pwani, ambayo sitaitaja jina. Mimi si mchezaji hodari. Nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa mhasibu na nilijua kusoma hati za bei. Mwaka 1996 tuliamua kujenga sehemu ya mazoezi, ile ambayo mtu husimama mahali pamoja akapiga mipira hamsini au mia bila kuifuata. Nyasi zetu hazikuiweza kazi hiyo. Kila pigo la fimbo ya chuma hung'oa pande la udongo lenye ukubwa wa kiganja, na wakati wa kiangazi jeraha hilo hukaa wiki nyingi bila kupona. Ikatubidi kununua mazulia ya nyasi bandia, na kazi ya kuyachagua nikapewa mimi.

Nilichagua vibaya. Lakini kabla sijaeleza, ndugu msomaji, niruhusu nirudi nyuma kidogo, kwani kitu hiki kina historia ambayo wakati ule sikuijua.

Mazulia ya mwanzo ya kupigia gofu yalitokana na mnazi. Mwanzoni mwa karne ya 20, wachezaji wa Uingereza na Marekani waliofungiwa ndani na baridi walipiga mipira kwenye wavu, mpira ukiwa umewekwa juu ya mkeka mzito wa usumba. Huku kwetu mikeka ya usumba ilitandikwa katika viwanja vya kriketi, ili mpira usidunde ovyo kwenye ardhi iliyopasuka kwa jua. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akifukia makumbi katika mashimo ya ufukweni, akiyaacha miezi mingi yaoze, kisha akiyaponda kwa gongo na kusokota kamba. Sidhani kama aliwahi kusikia neno gofu.

Nailoni ilikuja baadaye. Mwaka 1964 shule ya Moses Brown, mjini Providence, Marekani, iliwekewa nyasi bandia zilizotengenezwa na kampuni ya Monsanto. Nia ilikuwa kuwapatia watoto wa mjini mahali pa kukimbia, kwa kuwa walionekana kuwa dhaifu kuliko wenzao wa mashambani. Mwaka uliofuata, mjini Houston, ulifunguliwa uwanja mkubwa wa besiboli wenye paa, uitwao Astrodome. Paa lilikuwa la vioo vya plastiki ili nyasi halisi zipate mwanga, lakini mng'ao wake uliwazuia wachezaji kuuona mpira uliorushwa juu. Vioo vikapakwa rangi, nyasi zikafa. Mwaka 1966 zikatandikwa zile za Monsanto, nazo zikapewa jina la AstroTurf kutokana na uwanja huo.

Tangu hapo zulia likaanza kuwachagua wachezaji. Mwaka 1976, katika Olimpiki ya Montreal, mpira wa magongo ulichezwa juu ya nyasi bandia kwa mara ya kwanza katika michezo hiyo. India, iliyokuwa imekwisha kutwaa dhahabu 7, ikawa ya 7. Kenya, ambayo mwaka 1971 ilishika nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia huko Barcelona, haikucheza kwa sababu ya mgomo wa nchi za Kiafrika. Na baada ya hapo, asiyekuwa na fedha za kununua uwanja alibaki nyuma.

Turudi kwenye kosa langu. Niliwekewa mezani sampuli tatu. Nikazishika kwa mkono, nikatazama rangi, nikatazama bei, nikachukua ya bei ndogo. Yalikuwa mazulia membamba, yenye upana wa kama futi moja tu, nasi tukayalaza moja kwa moja juu ya zege.

Kumbe jambo kubwa liko chini ya nyasi. Mtu akikosea na fimbo ikagusa ardhi kabla ya mpira, udongo hukubali, fimbo huzama. Zege halikubali. Fimbo hudunda, hupata mpira hata hivyo, na mpigaji hudhani amepiga vizuri. Mshtuko wote huupokea mkono, kuanzia kifundo hadi kiwiko. Zaidi ya hayo, miguu ilikanyaga zege na mpira ulikaa juu ya zulia, kwa hiyo kila mtu alijifunza kupiga mpira ulio juu kuliko miguu yake. Nyuzi nazo zilikuwa za polipropilini, ambayo huyeyuka kwenye digrii 160 hivi. Kwa joto la msuguano ziliacha michirizi ya kijani chini ya fimbo.

Wanachama walilalamikia michirizi. Aliyeumia ni kijana mmoja aliyekuwa akibeba fimbo za wachezaji, ambaye kila jioni alipiga mipira mia tatu kwa matumaini ya kuwa mchezaji wa kulipwa. Alinijia akaniambia, "Mzee, mkono unawaka moto." Nikamwambia apunguze papara. Baada ya miezi mitatu hakuweza kushika hata kikombe.

Mwaka 1998 tuliyang'oa. Safari hii nilimwita yeye achague. Hakutazama rangi. Aliweka kila sampuli chini, akaazima fimbo, na kwa mkono wa kushoto akapiga kwa makusudi nyuma ya mpira. "Zuri ni lile linalokushitaki," alisema. Alichagua la nailoni, lenye mpira mnene chini yake, upana wa mita moja na nusu kila upande ili miguu na mpira vikae usawa mmoja. Fundi alitaka kulilaza juu ya zege kama zamani. Kijana akamwamuru achonge kina cha zulia na aache mteremko mdogo wa maji ya mvua.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hayo mwaka 1996.

"Hukuniuliza, Mzee," akajibu, akaendelea kushika kamba ya kipimo.