Hispania: Reli isiyopata treni, sasa njia ya baiskeli

Vía Verde de la Sierra ni njia ya udongo na changarawe yenye urefu wa kilomita 36, kati ya Olvera na Puerto Serrano, kusini mwa Hispania.

Ilianza kujengwa miaka ya 1920 kama reli. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1936 vikakwamisha kazi. Hakuna treni iliyowahi kupita.

Yakabaki mahandaki 30 yanayopenya vilima hadi bonde la mto Guadalete. Tumbusi huzunguka juu ya jabali la Zaframagón.

Ukianzia Olvera, kwa jumla unateremka. Kurudi ndiyo shughuli. Beba taa: handaki moja linakaribia kilomita nzima. Julai na Agosti jua ni kali balaa, toka alfajiri.